Mchi wa Bi Tabitha

Kwangu mimi, harufu ya Krismasi ni harufu ya simbi zinazooza. Najua ni maneno ya ajabu kutoka kwa Mwislamu wa Kibajuni, tena mwanamke aliyezoea kunukia udi, lakini kila Desemba inapoingia na maduka ya Mombasa yanapoanza kumeremeta taa za rangi, pua yangu inarudi Chula. Asiyejua simbi nimweleze: ni yale magamba madogo ya pwani yenye mgongo unaong'aa na mdomo mwembamba wenye meno, na ndani yake anaishi mdudu wa baharini ambaye hatoki kwa kubembelezwa. Ukitaka gamba zima, unalifukia mchangani, si kina sana, kisha unawaachia sisimizi kazi yao. Siku ya sita au ya saba unafukua, unaziba pua, unasuuza kwa maji ya chumvi, na hapo ndipo ule mng'ao unapotoka. Mwaka ule tulifukia simbi mia na ushei uani kwa shangazi yangu, na upepo ulipogeukia nyumbani hata paka walihama. Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba zile simbi ndizo zitakazomwokoa mama yangu asife.

Tulikuwa watu wa Kismayu. Baba alikuwa fundi wa mashine za mashua pale bandarini, Mama alishona nguo nyumbani, na nyumba ya tatu kutoka kwetu alipanga Bi Tabitha, mkunga kutoka Kenya, Mtaita wa karibu na Voi, aliyekuja kufanya kazi katika zahanati ya mtaani. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega tu bila sauti. Mama alikuwa amepoteza watoto wawili baada yangu, wote wakati wa kuzaliwa, na mara ya pili nusura aende nao. Ni Bi Tabitha, aliyeitwa mambo yalipokwisha kuharibika, aliyemvuta akarudi. Vita vilipoingia mjini na watu wenye bunduki wakaanza kupita nyumba hadi nyumba, zahanati ilivunjwa na Bi Tabitha akabaki hana ndugu wala jamaa. Mama akamvalisha buibui lake, akamfunika uso, akamwambia, "Kuanzia sasa wewe ni bubu. Ukiulizwa, nitasema mimi." Tulipita vizuizi vinne, na kwenye kila kimoja Mama alisema kwa Kisomali, bila kupepesa jicho, kwamba yule ni dada yake na tangu azaliwe hajatoa neno. Mimi nilimshika Bi Tabitha mkono njia nzima. Jua lilikuwa kali siku ile, lakini mkono wake ulikuwa wa baridi.

Chula ni kisiwa cha kwao Baba, kusini mwa Kismayu, na aliyetupokea ni dada yake mkubwa, Shangazi Mwanakombo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye kisiwa cha pili akasikia, na hodari wa kusuka ukili kuliko wote, jambo alilolijua na alilopenda wengine nao walijue. Maulidi yakija, yeye ndiye mpambaji wa msikiti; arusi ikija, chumba cha bibi arusi hakikamiliki mpaka apite yeye akivute hiki na kukinyoosha kile. Vita vilikuwa vimekwisha kufika mpaka huko. Walikuja watu kwa boti za kasi, wakachukua mashine, wakachukua nyavu, wakachukua hata masufuria. Baba alikaa nasi miezi michache, kisha akaona hapana maisha, akatangulia Kenya kututafutia pa kukaa. Mama alikuwa na mimba iliyokwisha kuwa kubwa. Baba aliondoka akituambia tumsubiri, naye atatuma mashua.

Mashua ilikuja kutajwa wakati mbaya. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba, damu ikawa inamtoka kidogo kidogo, na Bi Tabitha alipompapasa tumbo alisema mtoto amekaa vibaya. Akamwamuru alale chali, asiinuke ila kwa haja. Kumpakia baharini, alisema, ni sawa na kumzika. Siku hizo hizo ikaja habari kwamba nahodha mmoja atapita kuchukua watu kuwapeleka Lamu, na siku aliyotaja, Bi Tabitha alipohesabu kwa vidole, ilikuwa Krismasi yenyewe. Bi Tabitha alikuwa na binti, Wakesho, wa miaka saba, aliyemwacha Taita kwa mama yake. Alimwahidi atarudi kwa sikukuu. Ahadi hiyo aliivunja mwaka uliotangulia, na sasa alisema angechelewa siku mbili tatu tu, Wakesho atamsamehe. Alikuwa amemshonea gauni la maua kwa kitambaa alichopewa na Mama. Nilimwona analikunja, analiweka kikapuni pamoja na nguo zake chache. Mkunga mwingine hapakuwa. Aliyekuwapo kisiwani alikuwa bibi kizee asiyeona vizuri, na wale ndugu zangu wawili walizaliwa mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Nilitaka kumwangukia miguuni nimwambie asiende. Shangazi naye alitaka, tena yeye alikuwa na maneno tayari: vizuizi vinne, buibui, ububu wa uongo. Lakini Mama alituita sote wawili kitandani akatukataza. "Asimwombe mchu," alisema, "wala asimkumbushe mchu lolote. Sikumtoa Kismayu ili nimfunge Chula. Ana mwanawe." Nimwambie msomaji mapema kwamba sisi Wabajuni mtu ni mchu, kitu ni kichu, na mti ni mchi, alishike hilo, maana mambo yote yaliyofuata yamesimama hapo. Mama aliposema neno lake alifumba macho. Shangazi alitoka nje amenuna, akakaa kizingitini, akasuka ukili kwa hasira mpaka ukawa mrefu kuliko mkeka unaohitaji. Kisha akaniita. "Ndoo hapa, Tima. Kumwomba hatumwombi. Tumekatazwa, tumesikia. Lakini mgeni wangu ana sikukuu yake, nami mpambaji wa kisiwa hiki nisimpambie? Hilo nalo ni kuomba?" Nikasema si kuomba. Akanibana shavu, akasema mimi mtoto mwenye akili.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua Wakristo wanapamba nini. Alasiri moja Shangazi alijisogeza karibu na Bi Tabitha na ukili wake, uso umejaa usingizi wa kujifanya, akaanza kwa mbali. Akauliza kwao sikukuu hiyo wanakula nini. Bi Tabitha akasema wali, na mbuzi akipatikana. "Kama sisi," Shangazi akasema. "Na nyumba mwaipamba?"

"Tunapamba mti, Bi Mwanakombo. Tunautundikia vitu vinavyong'aa. Juu kabisa nyota. Halafu pamba, iwe kama theluji."

"Theluji ni n'ni?"

"Ni barafu inayoanguka kutoka mbinguni. Nyeupe. Mimi mwenyewe sijaiona."

Shangazi akaacha kusuka. "Hujaiona wewe, mamako hajaiona, na kila mwaka mwaitundika?"

Mabega ya Bi Tabitha yakatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tuondoke Kismayu. Shangazi akanitupia jicho la ushindi, nami nikaenda zangu nikirudia moyoni nisisahau: vinavyong'aa, nyota, theluji.

Simbi nzuri zilikuwa Fuma, kisiwa cha jirani, na siku hizo watu wenye akili zao hawakwenda Fuma. Shangazi alinichukua kwa mtumbwi mapema asubuhi, maji yakiwa yametoka. Tuliokota tukiwa tumeinama mpaka mgongo ukafa ganzi: simbi za madoa, simbi nyeupe, vikombe vya rangi ya waridi ambavyo havina jina, na mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi unaokwaruzika kwa ukucha ukatoa unga. Mimi ndiye niliyemwona kiti cha pweza amekwama kwenye mwamba, amekauka, miguu yake mitano imenyooka. Nikapiga kelele kwamba nyota yetu hii hapa. Shangazi alikuwa amesimama, amegeuza sikio baharini, na mara nami nikasikia mashine ya boti. Alinivuta tukalala chini ya mwamba, akatufunika sote wawili kanga yake iliyochuja mpaka ikafanana na mchanga. Boti ilipita karibu kiasi cha kusikia wanavyocheka. Ilipokwisha kwenda, Shangazi aliinuka akanigombeza kwa kuacha kikapu juani, simbi zitaharibika. Alifunga kanga kiunoni mara tatu ndipo ikashika, nami nikajifanya sikuona.

Tulipokwisha kufukia simbi, ikabaki mti. Chula miti si mingi. Nyuma ya nyumba palikuwa na mkunazi, mlimau mmoja wa kudekezwa na mwarobaini mchanga, na Shangazi hakutaka kukosea. Alisema mwenye sikukuu achague mwenyewe, maana bibi arusi naye huulizwa rangi. Lakini pia hakutaka siri ivuje. "Nenda kamwambie Bi Tabitha akuchagulie mchi," akaniagiza. "Ule aupendao. Usimwambie wa kazi gani." Nikaenda mbio. Bi Tabitha alikuwa amekaa kando ya kitanda, amemshika Mama mkono akihesabu mapigo, na Mama amelala. Nikamwambia Shangazi asema unichagulie mchi. "Mchi?" akauliza. Nikasema ndiyo, mchi, ule uupendao. Akaniangalia kwa muda mrefu. Akamwangalia Mama. Akaangalia mlangoni, upande ilipo bahari. Kisha akainuka taratibu, akaenda pembeni mwa jiko ilikoegemezwa michi ya kutwangia, akachukua mmoja, ule uliolika katikati kwa kushikwa na mikono ya miaka mingi, akanipa. "Mpelekee huu," akasema.

Nilisimama nao pale kama askari na bunduki yake. Nilijua kabisa kwamba ule si mti, ila nilikuwa mtoto niliyelelewa, na mtoto aliyelelewa akipewa kitu na mtu mzima husema ahsante. Nikampelekea Shangazi. "Huu?" akaniuliza. Nikamwambia kasema huu. Akaugeuza juu chini, akaunusa, akaupimia na kimo changu. Mwishowe uso ukamlainika. "Ameona haya," akasema. "Ameona kisiwa chetu michi yenyewe yahisabika, hakutaka tuuharibu uliosimama kwa ajili yake. Mchu mwenye adabu zake. Na huu nao, si ulikuwa mchi siku zake?" Basi, mambo yakaishia hapo. Hakumtuma tena mtu kuuliza, maana kumwuliza mgeni mara ya pili ni kama kumwambia hakujua alichosema.

Tulifanya kazi alasiri tatu, nyuma ya ua, Bi Tabitha akiwa kwa mgonjwa. Tulitia mchanga kwenye kinu tukausimamisha mchi ndani yake, ukasimama imara. Shangazi alisuka ukili mwembamba wa vidole viwili, mmoja akautia manjano, mwingine akauchovya kwenye mdaa ukawa mweusi, akauzungusha mchi kuanzia chini mpaka juu. Simbi nilizitoboa mimi, kwa msumari na jiwe, na kwa kila tatu zilizotoboka moja ilipasuka na Shangazi aliguna. Tukachukua mbegu za mkoko, zile ndefu zinazoning'inia, tukazichovya kwenye chokaa, zikaning'inia upya, nyeupe. Kiti cha pweza tukamfunga juu kabisa. Jirani mmoja alichungulia akasema haifai kwa Mwislamu kupamba mti wa Makafiri. Shangazi hakuinua hata kichwa. "Siusalii mchi," akamjibu, "nampamba mgeni. Na wewe, kama huna kazi, nishikie huu uzi." Na yule jirani, kwa kuwa alikuwa mwanamke na uzi ulikuwa mbele yake, akaushika. Siku ya pili alikuja bila kuitwa.

Siku ya tatu nilikuta mkono wa Mama umetoka kwenye neti ya kitanda. "Lete hizo simbi nizifunge mimi," akanong'ona. "Fundo lako latoka. Kwani mwamwomba?" Nikasema hatumwombi, twapamba tu. Akatabasamu kwa midomo iliyopauka, akafunga simbi moja moja kwa fundo la kushonea, lile lisilofunguka. Kila Bi Tabitha alipoingia, tulisukuma uzi chini ya mto. Mimi nilikuwa nikimtazama Mama vidole vinavyofanya kazi, nikafurahi hata nikaogopa. Nilijiambia kwamba kila simbi anayoifunga ni siku moja anayoishi, nikamletea nyingi.

Mashua iliingia jioni ya kuamkia sikukuu, ikatia nanga, nahodha akatangaza ataondoka maji yakijaa. Alfajiri Shangazi na yule jirani walikibeba kinu mpaka mbele ya mlango. Kazi ya mwisho ilikuwa yangu: kukwaruza mfupa wa ngisi juu ya mchi wote, theluji ianguke. Bi Tabitha alitoka kikapu kikiwa mkononi. Akasimama. Akautazama mchi kuanzia kwenye kinu, akapanda na macho, ukili mweusi na wa manjano, mbegu za mkoko, simbi, mpaka kwa kiti cha pweza aliyesimama juu, ameinama kidogo upande. Ile theluji ilimwangukia kwenye vidole vya mguu. Kwanza mabega yakatikisika. Kisha ikatoka sauti, kicheko kikubwa ambacho hatukujua anacho, akacheka mpaka akakaa chini mchangani, akashika mbavu, na kile kicheko, sikuona kilipogeukia, kikawa kilio. Shangazi alifadhaika. "Tumekosea?" akauliza. "Haukuwa huu?" Bi Tabitha akajipangusa kwa ncha ya kanga. "Hamkukosea, Bi Mwanakombo," akasema. "Ndivyo unavyopambwa, hivi hivi." Shangazi akageuka kwa yule jirani akamwambia umeona.

Tulikula wali na samaki wa kukaanga. Maji yakajaa. Nahodha akapiga yowe la kuita watu, na Bi Tabitha akaingia kwa Mama, akatoka, akachukua kikapu chake akashuka pwani. Niseme kweli: nilimchukia. Nilimfuata kwa mbali nikitamani mashua izame, kisha nikaogopa dua yangu nikamwomba Mungu asiisikie. Nilimwona anaingia majini mpaka magotini. Nilimwona anasema na nahodha, anampa barua, kisha anampa kikapu, anamwelekeza kitu kwa mkono, mara ya pili, mara ya tatu, kama mtu asiyeamini kwamba ameeleweka. Halafu akarudi nchi kavu mikono mitupu, gauni alilovaa limelowa. Alipita kando yangu bila kusimama. "Twende, Tima," akasema. "Mama yako hajapewa uji."

Mtoto alikuja siku nane baadaye, saa za adhuhuri. Nilitolewa nje nisione, na kwa kuwa sikujua nifanye nini nilikaa pale kwenye kinu, nikaukumbatia mchi. Ndani nilisikia sauti ya Bi Tabitha tu, ya chini, isiyo na haraka, ikimwambia Mama bado, sasa, bado. Mama hakutoa sauti yoyote, na hilo ndilo lililoniua. Simbi zilikuwa zinagongana, nikadhani ni upepo, kumbe ni mimi ninayetetemeka. Jua lilikuwa limepinda kivuli cha mchi upande wa pili nilipomsikia mtoto. Shangazi alitoka nje, mikono imejaa damu mpaka kwenye viwiko, nikapiga kelele, akanizaba kofi dogo la upendo. "Nyamaza, wote wawili wazima," akasema, na hapo akakaa chini akalia kwa ile sauti yake, Chula nzima ikajua. Tulimwita mtoto Zawadi.

Miezi michache baadaye tuliondoka sote kwa mashua aliyoituma Baba, Mama akiwa na nguvu za kutosha kumgombeza nahodha. Vitu vingi tuliviacha. Bi Tabitha aliomba kitu kimoja, mchi, akausafirisha mpaka Voi umefungwa kwenye mkeka, na watu wa basi walimwuliza kama kwao hakuna miti. Sisi tuliishia Mombasa, kwanza kambini, kisha Kisauni, ambako mpaka leo nafundisha watoto wa darasa la tatu na kuwasahihisha waandike "mtu", ingawa ulimi wangu nikiwa na hasira husema vingine. Shangazi Mwanakombo alizikwa huku, mbali na Chula. Mama yu hai, haoni vizuri, na fundo lake bado halifunguki.

Kila Desemba mimi na Zawadi hupanda basi kwenda kumsalimu Bi Tabitha. Mwaka jana tulimkuta amekaa sebuleni kwa mwanawe Wakesho, amefunikwa shuka miguuni, na kando yake mti wa plastiki wa dukani unaowaka na kuzima, na theluji ya kopo. Hakuna aliyefukia kitu mchangani, hakuna aliyelala chini ya mwamba akisikia boti. Sitaki kuwa miongoni mwa watu wanaosema zamani kulikuwa bora. Zamani yangu ilikuwa na bunduki, na nilipomtazama Zawadi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili waliozaliwa hospitalini bila shangazi yeyote kulia, nilishukuru kwa taa za plastiki na kila kitu kilichokuja nazo. Lakini macho yangu yalikwenda pembeni, ulipoegemezwa mchi, ukili umepauka, mbegu za mkoko zimekwisha zamani, simbi za Mama zote zipo.

Zawadi, ambaye hana breki mdomoni, akaanza kunicheka. Akasema shangazi yetu na Kibajuni chake walimwonea mgeni wa watu, aliombwa mti kwa lugha asiyoijua, maskini, akatoa mchi wa kutwangia. Bi Tabitha akamtazama. "Nani kakwambia sikujua?" akauliza. "Nilizalisha Wabajuni Kismayu miaka mitatu. Mchu, kichu, mchi, yote nilikuwa nayajua. Tima alipokuja nilijua anatumwa mti. Nilijua na wa kazi gani. Uvundo wa simbi ulijaa nyumba." Nikamwuliza kwa nini basi alinipa ule. "Ili mwache," akasema. "Nilijua mnanipambia nibaki, na kikapu nilishafunga. Nikasema nikiwapa mchi wa kinu watakata tamaa, nami nitakwenda kwa mwanangu na moyo mwepesi. Asubuhi nafungua mlango, naukuta umesimama, na nyota kichwani." Akasugua shuka kwa kiganja. "Ningekuwa nimepewa mti wa kweli, ningekwenda."

Zawadi alikuwa amefunga mdomo, nadhani kwa mara ya kwanza maishani. Wakesho alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, na nikagundua kwamba naye hakuwahi kuyasikia maneno hayo, yeye aliyengojea kituo cha basi mwaka ule na mwaka uliotangulia. Sikuweza kumtazama usoni. Aliweka sinia mezani polepole. "Lile gauni lilifika," akasema. "Lilikuwa limeshanibana. Nililivaa hivyo hivyo mpaka likapasuka." Kisha akaenda pembeni, akauchukua mchi kwa mikono miwili, akaunusa, akakunja pua. "Na huu mpaka leo unanuka," akasema. Akausogeza mti wa plastiki ukutani kwa mguu, akausimamisha mchi mbele ya ule mti, akamwita Zawadi amshikie wakati anatafuta mahali pa kuuegemeza.